A2 ya Uuguzi, A2 ya Kijerumani

Katika vituo vya afya vya Punia, kama kwingine kote Kongo, muuguzi hutambulishwa kwa herufi na namba. Aliyemaliza sekondari ya ITM huitwa A2. Aliyeendelea hadi chuo cha ISTM akahitimu miaka mitatu ni A1, na aliyepanda zaidi ya hapo ni A0. Namba inaposhuka, cheo kinapanda. Sasa muuguzi huyo wa A2, jioni baada ya zamu, anaposhika simu na kusoma kwamba Ujerumani wanapokea watu wenye A2 au B1 ya lugha, ni rahisi moyo umruke akidhani keshafika. Hajafika. Herufi ni zile zile, ila ngazi hii nyingine inapandwa kutoka upande wa pili.

Ngazi ya lugha inayotumika Ulaya, iliyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ina vipandio sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. A1 ndiyo chini kabisa, pale mtu anapoweza kutaja jina lake, umri wake na bei ya mkate. A2 anajieleza dukani na njiani. B1 anaweza kusimulia yaliyompata, kuandika barua fupi na kufuata mazungumzo ya kawaida. B2 anaweza kubishana na daktari kuhusu dawa ya mgonjwa na akaeleweka. Kati ya A2 na B2 kuna kazi ya miezi mingi, na miezi hiyo haina njia ya mkato.

Nimeanza na mkanganyiko huu kwa sababu unaonyesha shida iliyo kubwa kuliko herufi. Kijerumani kinazungumzwa huku kwetu kama karatasi, kitu cha kutafuta pamoja na pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Kijana anauliza, "Cheti cha B1 ni bei gani?" Swali linalompasa ni jingine: hicho cheti ni saa ngapi za maisha yangu, na nitazitoa wapi?

Sababu za kutaka kuondoka hazihitaji maelezo marefu Punia. Mji huu uliinuliwa na kasiterite, mawe ya bati. Makampuni ya bati yaliunganishwa kuwa Sominki mwaka 1976. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikaanza kudhoofika, na katika miaka ya tisini ikafa. Leo anayechimba anachimba kwa mkono wake. Kijana mwenye diploma ya Leta anaona mbele yake shimo la kasiterite, au ualimu usiolipwa sawasawa, au pikipiki ya kubeba mizigo kwenye barabara ya matope. Akisikia kwamba huko Bulaya kuna nchi inayozeeka na inayotafuta mikono, ni haki yake kusikiliza.

Basi asikilize vizuri, maana milango ya Ujerumani ni kadhaa na kila mmoja una kizingiti chake. Wa kwanza ni chuo kikuu. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo; jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Lakini ubalozi unataka kuona fedha za kuishi, na tangu Septemba 2024 kiasi ni euro 11,904 kwa mwaka, zikiwa kwenye akaunti iliyofungwa inayotoa euro 992 kila mwezi. Kwa familia ya Punia isiyo na mfadhili, mlango huo umefungwa kwa kufuli la fedha kabla lugha haijaulizwa.

Mlango wa pili ndio unaostahili kutazamwa kwa makini: mafunzo ya kazi, ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung. Mtu anasoma darasani na kufanya kazi kwa zamu, na analipwa tangu mwezi wa kwanza. Mafunzo ya uuguzi ni miaka mitatu. Katika hospitali za umma zinazofuata mkataba wa pamoja wa mishahara, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato mwaka 2024. Kwa kuwa malipo hayo humtosha kuishi, kwa kawaida hadaiwi ile akaunti iliyofungwa. Anachodaiwa ni lugha: B1 kwa kawaida, na waajiri wengi wa uuguzi hupenda B2.

Mlango wa tatu ni wa yule ambaye tayari ni muuguzi na anataka diploma yake itambuliwe. Huko wanalinganisha masomo yake na ya kwao, wanamwandikia yaliyopungua, kisha anafuata kozi ya kujaziliza au anafanya mtihani. Leseni kamili ya kufanya kazi hiyo hudai B2.

Katika milango hii miwili ya mwisho, fedha ya tiketi inaweza kukopwa na karatasi zinaweza kufuatiliwa na ndugu aliye Kinshasa, lakini hakuna ndugu wa kukujifunzia lugha. Kijana wa Punia hana mamlaka juu ya ubalozi, wala juu ya bei ya ndege. Kijerumani kiko mikononi mwake kuanzia leo usiku.

Tuhesabu basi. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, hukadiria kwamba kufika B1 kutoka sifuri kunahitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45, na kufika B2 ni kati ya 600 na 800. Tuchukue 700 kwa B2: hizo ni saa 525. Anayesoma saa mbili kila siku, siku sita kwa wiki, atazimaliza kwa wiki 44, yaani kama miezi kumi. Anayepata saa moja tu kwa siku atahitaji mwaka na miezi minane. Na hesabu hii ni ya mtu aliye na mwalimu mbele yake, bila kuhesabu kazi za nyumbani. Asiye na mwalimu aongeze. Miaka miwili kwa mtu anayefanya zamu, analima na kulea watoto ni hesabu ya kweli, na anayemwahidi B2 kwa miezi mitatu anamuuzia upepo.

Saa hizo hupatikana wapi mahali ambapo sekondari hufundisha kwa Kifaransa, na lugha ya kigeni inayoongezwa ni Kiingereza? Kwenye simu, zaidi ya yote. Deutsche Welle, ile ile ambayo idhaa yake ya Kiswahili imekuwa hewani tangu 1963 na ambayo wazee wetu waliisikiliza kwenye masafa mafupi, ina masomo ya bure ya Kijerumani. Moja ni filamu ya vipande vifupi iitwayo Nicos Weg, inayoanzia A1 hadi B1. Mwanafunzi wa Punia anaweza kupakua masomo siku anapopata mtandao mzuri, Kindu au kwingine, kisha akayarudia nyumbani kwa wiki kadhaa akichaji kwa sola. Watatu au wanne wakiungana, wakachanga kama wanavyochanga likelemba ili kununua megabaiti na kitabu kimoja, wanapata pia kile ambacho simu haitoi: mtu wa kuongea naye. Anayesoma peke yake kimya hufika siku ya mtihani akiwa anasoma vizuri na ulimi umeganda.

Sasa lugha yenyewe. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa watu wengi huambiwa kwamba Kijerumani ni kigumu bila kuambiwa ni kigumu wapi, na kwa nani.

Mtu wa Punia haanzi mikono mitupu. Nyumbani ana Kikomo au Kirega, sokoni ana Kiswahili, darasani ana Kifaransa. Kifaransa kimekwisha kumpa sauti mbili zinazowatesa wanafunzi wa Nairobi: ü ya Kijerumani ni ile ya rue, na ö inakaribiana na ile ya peu. Upande mwingine, Kifaransa hakitamki h, na Kiswahili chetu cha Maniema nacho huimeza mara nyingi, tukasema "abari". Huyo akifika kwenye Haus, nyumba, asipotoa pumzi ile ya mwanzo atasikika akisema aus, ambalo ni neno jingine lenye maana ya "kutoka".

Kisha jinsia za majina. Kijerumani kina tatu, der, die na das, na neno linalotangulia jina hubadilika kulingana na kazi ya jina hilo katika sentensi. Dhana yenyewe si ngeni kwetu: anayesema kiti kimevunjika na mti umevunjika anajua tayari kwamba jina huvuta maneno mengine nyuma yake. Hatari iko kwenye Kifaransa, kwa kuwa kinamjaza mwanafunzi jinsia zilizo tayari na zisizo sahihi. Kwa Mfaransa jua ni la kiume, mwezi ni wa kike. Kwa Mjerumani ni die Sonne na der Mond, kinyume kabisa. Na kwa muuguzi, mwili mzima umepangwa upya: la tête ni der Kopf, le cœur ni das Herz, la jambe ni das Bein. Ushauri wangu ni mmoja: usiandike kamwe Kopf peke yake kwenye daftari. Andika der Kopf, na useme der Kopf kwa sauti, kama neno moja.

Kitenzi nacho. Kiswahili hufunga kila kitu kwenye furushi moja: nitakupigia. Nani, lini, kwa nani, afanye nini, vyote vimo ndani. Mjerumani hulifungua furushi na kulitawanya: Ich rufe dich morgen an. Kile kipande cha mwisho, an, ni mkia wa kitenzi rufe. Bila huo mkia sentensi si ya kupiga simu tena. Na anapotoa sababu, kitenzi chote hukimbilia mwisho: weil ich gestern gearbeitet habe, kwa maana nilifanya kazi jana. Masikio yetu yamezoea kupata habari mapema. Hapa lazima yajifunze kungoja, na subira hiyo haiingii kwa kusoma kanuni, huingia kwa kusikiliza sentensi zile zile mara mia.

Sehemu ninayoihofia zaidi kwa muuguzi ni namba na saa. Sisi husema sabini na nne, na Kifaransa hufuata mpangilio huo huo, kubwa kwanza. Kijerumani husema vierundsiebzig, nne-na-sabini. Mkono unaoandika unachosikia kwa mfuatano huandika 47. Uzito wa mgonjwa ukiandikwa hivyo, dawa inapimwa kwa mtu mwingine kabisa. Na saa: halb drei, neno kwa neno "nusu ya tatu", si saa tatu na nusu. Ni nusu kuelekea tatu, yaani 2:30, na kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni saa nane na nusu. Mitego miwili katika maneno mawili.

Turudi kwenye milango, kwa sababu kuna watu wanaosimama mbele yake wakidai ada. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Kongo yetu imo. Sheria ya Ujerumani inafuata orodha hiyo: mawakala binafsi hawaruhusiwi kwenda katika nchi hizo kusaka wauguzi na kuwapeleka. Muuguzi mwenyewe akiandika maombi kwa hiari yake, hazuiwi. Kwa hiyo anayekuja Kindu akisema ametumwa na hospitali ya Ujerumani kuandikisha wauguzi kwa dola mia kadhaa, aeleze kwanza sheria hiyo imemruhusu vipi. Uvumi nao husafiri upesi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, ilienea habari ya nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha, mkataba haukuwa na idadi yoyote.

Karatasi zetu pia huchukua muda. Ubalozi wa Ujerumani ulioko Kinshasa hauidhinishi vyeti vya Kongo kwa kugonga muhuri tu. Huvituma vichunguzwe vilikotoka, na jina lililoandikwa kwa tahajia mbili katika vyeti viwili linatosha kuchelewesha kila kitu. Anayeanza A1 leo aanze na kusahihisha jina lake leo.

Mtihani wenyewe haupo Maniema. Goethe-Institut iko Kinshasa, na kwa majirani iko Kigali, Dar es Salaam na Nairobi. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na kiwanja chake cha ndege kufungwa, ile njia ya kupitia Goma kwenda Kigali si ya kupangia safari, kwa hiyo hesabu ya nauli inaelekea magharibi. Nauli hiyo ni kubwa kuliko ada ya mtihani, na ndiyo sababu ya kujua umbo la mtihani kabla ya kupanda ndege. B1 ina sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila moja ina alama 100, na anayepata 60 amefaulu sehemu hiyo. Hazibebani, lakini pia haziangushani. Aliyefaulu tatu akaanguka kuandika atarudia kuandika peke yake: dakika 60 za kumwandikia rafiki barua, kutoa maoni juu ya jambo fulani, na kuandika ujumbe mfupi wa heshima kwa mtu wa ofisini. Maandishi hayo matatu yanaweza kuandikwa Punia kila Jumapili mchana, kwa saa ya mkononi na kalamu, mwaka mzima kabla ya safari.