Mmumunyo Mkamilifu na Sheria ya Raoult

Dhana ya mmumunyo mkamilifu mara nyingi hufundishwa sambamba na ile ya gesi kamilifu, na ulinganisho huo humpotosha mwanafunzi. Molekuli za gesi kamilifu huchukuliwa kuwa hazivutani kabisa. Kioevu hakiwezi kuwapo kwa masharti hayo, kwa kuwa bila mvutano molekuli zake zingetawanyika. Sharti la mmumunyo mkamilifu ni kwamba molekuli za dutu A na za dutu B huvutana kwa nguvu sawa na ile iliyopo baina ya A na A, au B na B.

Benzini na tolueni hulikaribia sana sharti hilo, kwani miundo yake hutofautiana kwa kundi moja dogo la methili. Zinapochanganywa, takribani hakuna joto linalotolewa wala kufyonzwa, na ujazo haubadiliki. Kinachozichanganya ni ongezeko la entropi.

Kila dutu huchangia mvuke kwa kadiri ya sehemu yake ya moli, kama alivyoonyesha mwanakemia wa Ufaransa, François-Marie Raoult, katika miaka ya 1880. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, kanieneo ya mvuke wa benzini halisi ni takribani kilopaskali 12.7, na ya tolueni 3.8. Moli zikiwa sawa, benzini huchangia 6.35 na tolueni 1.9, jumla 8.25. Kwa hiyo mvuke huwa na benzini karibu asilimia 77, ilhali kioevu kina asilimia 50. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa ukenekaji: mvuke hupozwa, kioevu kipatikanacho huchemshwa tena, na hatua kwa hatua dutu hizo hutengana.

Ethanoli na maji haziitii sheria hiyo. Mililita 50 za kila kimoja hutoa takribani 96, wala si 100, na mchanganyiko hupata joto. Joto hilo lingemfanya mtu atarajie kanieneo ndogo. Kinyume chake, kanieneo huzidi ile ya Raoult, kwa sababu entropi huongezeka kidogo kuliko inavyotakiwa katika mmumunyo mkamilifu. Matokeo yake ni mazito kwa kiwanda. Ethanoli ikifikia asilimia 95.6 kwa uzani, mchanganyiko huchemka kwa nyuzi 78.2, chini kidogo ya ethanoli halisi, na mvuke wake huwa na uwiano uleule wa kioevu. Kukeneka tena katika kanieneo ya kawaida ya hewa hakusaidii. Ethanoli kavu ya kuchanganywa na petroli hupatikana kwa njia nyingine, kama vile kuipitisha katika zeoliti, ambazo vitundu vyake hupokea maji na kuiacha ethanoli ipite.