Tapani: Taji la Kigiriki katika Vinywa vya Wafini

Jina la kiume Tapani lina sura ya Kifini kamili, hata mtu asiyejua historia yake angeweza kulidhania kuwa ndugu wa Tapio, mungu wa msitu ambaye Mikael Agricola alimtaja mwaka 1551 alipoorodhesha miungu ya kale ya Wafini. Lakini undugu huo haupo. Tapani ni mgeni aliyetoka mbali, kwani asili yake ni neno la Kigiriki stephanos, yaani taji au shada la kuvikwa kichwani, ambalo ndilo jina la shahidi wa kwanza wa Ukristo, anayejulikana kwa Waswahili kama Stefano.

Jina hilo liliingia Ufini pamoja na Kanisa, likipitia Kilatini na Kiswidi, lugha za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, na kupokewa na Kifini, ambacho ni cha ukoo wa Kiurali pamoja na Kiestonia na, kwa mbali, Kihangaria. Kifini cha kale hakikuruhusu konsonanti mbili kufuatana mwanzoni mwa neno, kwa hiyo s ya Stefanus iliachwa, kama vile neno la Kiswidi glas, yaani gilasi, lilivyogeuka kuwa lasi, na skola, yaani shule, likawa koulu. Inapendeza kuona kwamba Kiswahili, kilipokabiliwa na mkwamo huohuo katika gilasi, kilichomeka irabu badala ya kuangusha konsonanti. Lakini mwishoni mwa maneno lugha hizi mbili hukubaliana, maana zote huongeza irabu, na benki ya Waswahili ni pankki kwa Wafini.

Sauti f nayo haikuwamo katika Kifini hicho. Katika Tapani ilibadilika kuwa p, na vivyo hivyo katika Teppo, ilhali katika Tahvo ilikuwa hv, kama katika kahvi, yaani kahawa. Hivyo majina hayo matatu, ambayo kwa kuyasikia tu hayafanani sana, ni ya baba mmoja.

Siku hizi Tapani hutolewa zaidi kama jina la pili. Tarehe 26 Desemba huitwa tapaninpäivä, yaani siku ya Tapani, na kanisani shahidi huyo husomwa katika Biblia ya Kifini kwa jina la Stefanos, lakini nje, kwa desturi ya zamani ya siku hiyo, farasi walipofungwa kukokota magari ya theluji yasiyo na magurudumu, matembezi yaliitwa tapaninajelu, kwa jina lililofinyangwa na vinywa vya watu.