Ghala la mkonge likipokea wageni

Mkonge wa Tanzania ulianzia jirani na Mwera, wilayani Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Kufikia 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za katani. Kisha kamba za plastiki zikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na uzalishaji ukaporomoka. Mwera na Sakura bado kuna mkonge, lakini sehemu nyingi za ukanda wa Tanga zimebaki na maghala, nyumba za mameneja na mabanda ya korona, yaani mashine za kusindika majani ya mkonge, yasiyo na kazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, yaani miaka thelathini kabla ya mche wa Hindorf kugusa udongo. Waziri anaweza kutangaza jengo jipya zaidi kuwa la kuhifadhiwa, ila tangazo haliezeki paa. Linaloezeka paa ni kipato, na kipato kilicho karibu ni wageni, hasa barabara ya Bagamoyo–Pangani–Tanga na daraja lake vikikamilika.

Tatizo ni namna ya kuyageuza majengo haya yapokee wageni. Kuta za zamani za pwani hii ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Hunywa unyevu na chumvi kutoka chini, kisha huutoa polepole kwa hewa. Fundi mwenye haraka akipiga lipu ya saruji, ukuta unapendeza msimu mmoja tu. Maji yaliyofungiwa ndani hutafuta njia, rangi inavimba malengelenge, lipu inabanduka vipande, na jiwe nyuma yake limeanza kuwa unga. Anayetaka ukuta udumu arudi kwenye chokaa, na mabomba ya bafu ayapitishe nje au kwenye kibanda cha pembeni badala ya kuchimba mifereji ukutani. Ghala nalo lilijengwa refu kwenda juu ili robota za katani zipate hewa. Ukiligawa lote kwa matofali na kulifunika dari ya jipsamu, umelipa gharama ya jengo la kale ukapata gesti ya kawaida yenye joto. Afadhali vyumba vikae ncha moja na ukumbi ubaki wazi hadi kenchi. Viambaza visivyofika juu navyo havifai: mgeni mmoja akikoroma, ghala zima halilali.

Wapo watakaosema kujenga upya ni rahisi. Kwa mwaka wa kwanza, huenda. Lakini bungalo jipya linashindana na kila bungalo la ufukweni, ilhali Gibb's Farm ya Karatu, nyumba ya shamba ya 1929 iliyoanza kupokea wageni 1972, inauza kitu kisichojengeka upya: shamba lenyewe, ambalo mboga zake bado zinafika mezani. Amani nako, nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya Sigi imekuwa kituo cha wageni wa hifadhi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini tutunze nyumba ya mwenye shamba? Mashamba haya yaliendeshwa kwa jasho la manamba, watu walioletwa kutoka mbali na kuitwa kwa namba. Ni hoja ya haki, na inavunja ile tabia ya kupaka rangi nyumba ya meneja na kuacha kambi ya manamba ianguke. Lakini ukibomoa vyote viwili, aliyepotea ni manamba, kwa kuwa mwenye shamba ana nyaraka na picha zake. Manamba ana msingi wa chumba, jiko la nje na kisima. Hivyo hoteli ya mkonge isiyoonyesha kambi, korona na reli ndogo ya kusombea majani haijahifadhi shamba, imehifadhi veranda. Mwekezaji akija na michoro, halmashauri imuulize kwanza kambi iko wapi kwenye karatasi hiyo.