Pazia, Upepo na Mapenzi ya Nyumba ya Kupanga

"Anti, jana usiku ulivaa ile gauni ya pinki!"

Mpenzi msomaji, hayo niliambiwa na mtoto wa jirani, wa miaka sita hivi, saa moja asubuhi wakati nachota maji uani. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa ananisifia. Tatizo ni kwamba ile gauni naivaa chumbani tu, tena taa ikiwa imebakiza dakika kuzimwa. Ndoo niliiacha palepale.

Tulikuwa na wiki ya tatu Issuna. Kwa wasiopajua, Issuna iko wilaya ya Ikungi mkoani Singida, kando ya barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida mjini, ile inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi. Mume wangu alipata kazi huko. Mimi kazi ya uhariri naifanya popote penye mtandao, nikafungasha mabegi nikamfuata. Tukapata nyumba safi, vyumba viwili na sebule kwa 50,000 kwa mwezi, tukalipa ya miezi sita kwa mpigo kama ilivyo kawaida. Bibi mwenye nyumba, anayeishi uani kwetu, alitupa sharti moja tu: "Wanangu, ukuta wangu msiupigie misumari."

Na madirisha sasa! Futi tano kwa tano, vioo vya alminiamu vya kusukuma. Wazee wa Kinyaturu waliishi kwenye tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa na vitundu vidogo vya hewa. Siku hizi mtu akijenga, dirisha kubwa ndiyo fahari yake. Sawa, mwanga tunapata, ila sidhani kama kuna aliyetufikiria sisi tunaovulia nguo nyuma ya fahari hiyo.

Dar tulikuja na mapazia ya shia, meupe, mazuri kweli. Mchana yalikuwa hayana shida: mimi namwona mpita njia, yeye hanioni. Usiku ukiwasha taa kila kitu kinageuka. Kitambaa chepesi humficha aliye kwenye giza na kumwonyesha aliye kwenye mwanga, basi. Zile karatasi za kioo zinazong'aa nje kama miwani ya polisi nazo ni hivyo hivyo, usiku hazikusaidii. Nina digrii ya mawasiliano lakini hili nilifundishwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu siku ile nikawa mtu mwingine. Nabadilisha nguo gizani, nakula nimejibanza kwenye kona ya jokofu. Mume wangu akinishika kiuno sebuleni naruka kama nimekanyaga moto. Tukigombana tunanong'ona, na wenzangu mnajua ugomvi wa kunong'ona hauishi. Mwezi wa pili akaniuliza, kwa sauti ya chini vilevile, "Mke wangu, umenichoka?" Nikamwambia ni madirisha. Hakuniamini. Kwake yeye pazia lipo, limening'inia, sasa nataka nini tena?

Nikampigia fundi mmoja Dar aulizie zile blaindi za ofisini, za vipande vya kusimama. Akataja 45,000 kwa mita moja ya mraba. Madirisha yetu matatu ni kama mita saba, yaani 315,000, zaidi ya kodi ya miezi yote sita. Na vifaa vyake vinataka kutobolewa ukutani. Nikakata simu kistaarabu.

Khanga nilijaribu. Moja ni nyepesi mno, inabidi doti nzima, mbili mgongo kwa mgongo. Na angalia jina lake limeelekea wapi, maana likisomeka nje, majirani watajiuliza unamsema nani. Ila adui mkubwa ni upepo. Upepo wa Singida hauna adabu hata kidogo, unafungua kioo upate hewa, pazia linapanda mpaka darini kama bendera.

Mkombozi alikuwa mtumba. Mnadani niliangukia mapazia mawili mazito, yale yenye mpira kwa nyuma wanayotumia mahotelini, 12,000 kila moja baada ya kuombana sana. Fundi cherehani akayapunguza na kushona pindo pana chini, tukatia kokoto ndogo ndani ya pindo, huko kwenye kona nyingi zaidi. Jumla 5,000. Bahati nzuri nondo za madirisha yetu ziko upande wa ndani, kwa hiyo pazia tulilipitisha kwenye bomba la plastiki la kupitishia nyaya (4,000), tukalifunga kwenye nondo kwa vipande vya mpira wa baiskeli alivyotupa fundi bure. Msumari hata mmoja haukupigwa.

Sebule na chumba cha wageni sikutaka viwe handaki. Nilinunua mita mbili za kitambaa cheupe kwa 9,000, nikakikata kwa kimo cha nusu dirisha, nikakilowanisha kwenye uji mwepesi wa wanga wa nguo, nikakibandika kwenye kioo nusu ya chini. Kikikauka kinashika vizuri, na siku ya kuhama unakilowesha maji ya vuguvugu kinabanduka. Juu mwanga unaingia kama kawaida. Tahadhari: mara ya kwanza nilitumia unga wa ngano, mende wakafanya sherehe.

Hesabu yote ikaja 42,000.

Jioni ile nilimwomba mume wangu atoke nje, nikawasha taa ya chumbani, lile pazia la shia likiwa bado halijatolewa. Nikatembea tembea, nikachana nywele. Lori likapita barabarani, taa zake zikamulika ukuta wote. Kisha nikavuta pazia jipya. Aliporudi ndani alikaa kitandani bila kusema kitu. Baadaye akasema, "Yaani miezi miwili yote ulikuwa unaishi hivi?" Sikujibu. Alinisaidia kuhamisha taa ya mezani kuiweka karibu na dirisha, tukapita katikati ya chumba kivuli kisiangukie kwenye pazia, ingawa kwa kitambaa kizito kile hata haikuhitajika. Nadhani alitaka tu kufanya kitu.

Wiki iliyofuata mtoto wa jirani alinikuta tena uani.

"Anti, siku hizi mnalala mapema eeh?"

Nikamwambia ndiyo, mapema sana.