Hupozwa kwa upepo, huishi kwa oili

Mashabiki wa mbio za Safari hawajasahau Pasaka za miaka ya sabini, magari yakipita vijijini yametapakaa matope hadi paa, na watoto wamejipanga kando ya njia wakishangilia. Katika mashindano hayo lilikuwamo gari moja la Kijerumani ambalo bahati yake ilikuwa ya ajabu, nalo ni Porsche 911. Mwaka wa 1972 Sobieslaw Zasada wa Polandi alilifikisha nafasi ya pili. Mwaka wa 1974 Björn Waldegård wa Uswidi naye akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wetu. Mwaka wa 1978 Vic Preston mdogo, dereva wa Kenya, akashika nafasi iyo hiyo. Mara tatu lilifika mlangoni, ndani lisiingie. Ilibidi kungojea mashindano ya magari ya kale, Safari Classic, ambayo Waldegård huyo huyo aliyashinda kwa 911 mwaka wa 2011, naye keshapita umri wa miaka 60.

Magari haya ya kale yangaliko duniani, na bei yake imepanda hata injini moja ikifa mwenyewe huweza kulia kama aliyefiwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba mafundi wanaoyatunza huzungumza jambo moja kuliko yote: namna ya kuimarisha mfumo wake wa oili.

Sababu ni hii. Injini ya 911, tangu ilipoanza kuuzwa mwaka wa 1964 mpaka ilipoachwa mwaka wa 1998, haikuwa na rejeta ya maji. Iko nyuma ya gari, ina silinda sita zilizolala, tatu kila upande, na feni kubwa huzipulizia upepo. Lakini upepo haufiki kila mahali. Beringi za krankishafti, cheni na matumbo ya pistoni hayaoni feni. Huko joto huchukuliwa na oili, ambayo hulainisha na kupoza kwa wakati mmoja. Mabaharia wetu wanalifahamu jambo hili kwa njia yao: jahazi huenda kwa upepo, lakini mbao zisipopakwa sifa, upepo huo hautamfikisha mtu bandarini.

Twaijua sana Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo nayo hupozwa kwa upepo. Oili yake hulala chini ya injini, kiasi cha lita mbili na nusu tu. Katika 911 oili hukaa katika tangi la peke yake, karibu na gurudumu la nyuma la upande wa kulia, na mfumo mzima hubeba zaidi ya lita kumi. Pampu yake ni kama pampu mbili katika nyumba moja. Ya kwanza husukuma oili kutoka tangini kwenda kwenye beringi, na ya pili huifyonza ile iliyodondoka chini na kuirudisha tangini. Kwa hivyo gari likikata kona kwa kasi oili haikimbilii upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa.

Tangi hilo lilipata kuleta kichekesho. Katika magari ya mwaka wa 1972 wenye kiwanda walilisogeza mbele ya gurudumu, wakaweka kifuniko cha kujazia oili nje, ubavuni mwa gari. Watu wa vituo vya petroli wakadhani ndipo pa kujazia petroli, wakamimina humo! Mwaka uliofuata kifuniko hicho kikaondolewa.

Hata kupima oili ya gari hili kuna adabu yake. Hupimwa injini ikiwa imepata moto sawasawa, inanguruma polepole, na gari liko mahali tambarare. Anayepima asubuhi injini ikiwa baridi huweza kuona kijiti kikavu, akaongeza lita moja, kisha ya pili. Injini ikipata moto oili humwagika hadi kwenye chujio la hewa, na moshi ukatanda mtaa mzima.

Sasa, kuimarisha kunaanzia wapi? Mafundi wengi huanza na vikaza cheni. Injini hii ina cheni mbili zinazozungusha kemishafti, na kila moja hukazwa na kifaa chake. Katika magari ya zamani kifaa hicho kilikuwa kimefungiwa oili yake ndani. Kikivuja, cheni hulegea, ikiruka meno vali hukutana na pistoni, na hapo injini imekwisha. Mwaka wa 1984, katika gari la Carrera la lita 3.2, kiwanda kilileta kikaza kinacholetewa oili ya injini yenyewe kwa kibomba, na kifaa hicho huweza kufungwa katika injini za nyuma yake. Ni kazi ndogo ukiilinganisha na hasara inayozuia.

La pili ni joto. Kipozeo cha kwanza kimefungwa kwenye injini yenyewe. Magari ya 911S ya mwaka wa 1969 yaliongezewa kipozeo cha pili mbele, ndani ya madigadi ya kulia. Thamostati hulinda njia: oili ikifika karibu nyuzi 85 za Selsiasi, hufungua na kuipeleka mbele ikapigwe na upepo wa njiani. Baadaye vilikuja vipozeo vya mabomba yaliyokunjwa, kisha vikubwa zaidi, na mwaka wa 1987 feni ya umeme ikaongezwa. Faida ya feni hiyo ataifahamu yeyote aliyekwama katika msururu wa kungojea feri Likoni wakati wa adhuhuri: gari halitembei, upepo wa njiani hakuna, na injini ingali inachemka.

La tatu ni pampu. Shinikizo likizidi, vali hufunguka na kuipunguza oili. Katika injini za zamani oili hiyo ya ziada ilimwagwa chini ya injini, ikaizidishia kazi pampu ya kufyonza. Kuanzia injini za mwaka wa 1976 ilirudishwa kwenye mdomo wa pampu ya kusukuma. Fundi hodari huweza kulitengeneza kasha la zamani lifanye vivyo hivyo, na kulitilia pampu kubwa zaidi. Injini za 1971 na baada yake zina pia vijitundu vinavyorusha oili chini ya pistoni kuzipoza, na hivyo navyo huweza kutiliwa katika injini za kabla yake.

Anayefaidika zaidi ni mwenye injini ya lita 2.7 ya miaka ya sabini. Kasha lake ni la magnesi, na likizidiwa na joto hushindwa kuzishika boliti za silinda, nazo huchomoka na nyuzi zake.

Lakini kuna jambo ambalo halinunuliwi dukani, nalo ndilo huwaponza wengi. Injini ikivunjika ndani, vipande vidogo vya chuma husafiri na oili, vikajificha tangini, katika mabomba ya kwenda mbele na hasa ndani ya vipozeo. Mtu hutumia mali nyingi kuisuka injini upya, akairudisha kwenye mabomba yale yale. Siku ya kwanza thamostati inapofunguka, uchafu wa injini iliyokufa huingia katika beringi za injini mpya. Ndiyo maana fundi mwaminifu hukataa kuwasha kabla tangi halijaoshwa, mabomba hayajasafishwa, na vipozeo ama vimesafishwa kwa hakika ama vimetupwa. Mwenye gari huona anacheleweshwa na kutozwa zaidi. Avumilie, kwani haraka haraka haina baraka.

Basi mwenye gari la namna hii aanze na geji zake mbili, ya joto na ya shinikizo, ahakikishe zinasema kweli. Kisha asafishe, akaze cheni, apoze, na pampu kubwa ije mwisho. Pampu mpya inayosukuma uchafu wa zamani huuharakisha tu kufika kwenye beringi.