Elektroni Isiyo na Mwenzi

Kila aliyesoma kemia shuleni anakumbuka kwamba atomu huungana ili kila moja ipate elektroni nane katika ganda lake la nje. Kanuni hiyo, ambayo Gilbert Lewis aliiwekea msingi mwaka 1916, hueleza vyema muundo wa kaboni dioksidi na wa chumvi ya mezani. Hata hivyo ina vighairi, na kimojawapo kimo ndani ya mishipa yetu ya damu.

Kighairi hicho ni gesi ya nitriki oksaidi, yenye atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Nitrojeni huleta elektroni 5 za nje, oksijeni huleta 6. Jumla yake ni 11. Kwa kuwa idadi hiyo ni witiri, elektroni moja hubaki bila mwenzi. Ndiyo sababu gesi hii huwahi kuungana na kemikali nyingine, na mwilini hudumu sekunde chache tu.

Katika muda huo mfupi, gesi hutoka kwenye utando wa ndani wa mshipa, hupenya hadi kwenye misuli laini, na kuchochea kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kuilegeza. Mshipa hupanuka, damu ikapita. Kwa ugunduzi huu Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998.

Kidonge cha nitrogliserini kiwekwacho chini ya ulimi kutuliza maumivu ya moyo huleta gesi hiyohiyo. Nazo sildenafili na tadalafili, zijulikanazo kama dawa za nguvu za kiume, huzuia kemikali ile ya kulegeza misuli isivunjwe. Dawa hizi zikikutana, shinikizo la damu huweza kuporomoka hata mgonjwa akafariki.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya, kabla ya kutoa nitrogliserini muulize mgonjwa kwa faragha kama ametumia sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48. Waulize na wanawake, kwani dawa hizo hutibu pia shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu. Nawe mgonjwa, usione haya kujibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha dawa naye yumo hatarini.