Maji ya Mkopo na Maji ya Ndiva

Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 9 Machi 2025, baada ya subira ndefu mno. Ujenzi ulianza mwaka 2014. Mwaka 2020 mkataba wa mkandarasi ukavunjwa, kazi ikalala, na ilipofufuliwa, watoto waliozaliwa wakati mitaro inaanza kuchimbwa walikuwa tayari wanajitwika ndoo. Muda wote huo maji yenyewe yalionekana kwa macho. Ukisimama kwenye miteremko ya Upare Kaskazini siku isiyo na ukungu, unaliona Bwawa la Nyumba ya Mungu, chanzo cha maji hayo, kule chini, lilipo tangu miaka ya 1960.

Anayepita Same kwa basi haelewi upesi shida iko wapi. Juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, kipatacho mita 2,460, kuna migomba na mashamba ya tangawizi. Lakini pepo za Bahari ya Hindi huishusha mvua yao upande wa mashariki na vileleni. Zikivuka milima zimekwisha nguvu. Mji wa Same, Makanya na Hedaru viko upande huo mkavu, wa mkonge na vichaka vya miiba, ambako kina mama wameamka usiku wa manane kwa ajili ya dumu moja.

Fedha za mradi, ikiwamo mikopo, zimetoka mbali. Pamoja na Serikali ya Tanzania wamo BADEA, ambayo ni benki ya nchi za Kiarabu kwa maendeleo ya uchumi wa Afrika, Mfuko wa OPEC wenye makao Vienna, Mfuko wa Saudia na Mfuko wa Kuwait. Gharama zinatajwa kuwa takriban shilingi bilioni 300. Ninaushukuru ushirikiano huo kwa moyo wote, kwa sababu hakuna halmashauri ya wilaya ambayo ingeweza kuyasukuma maji ya bwawa umbali huo kwa makusanyo ya ushuru wa soko. Wasiwasi wangu uko kwingine. Mikataba imewaunganisha Dodoma, Riyadh na Vienna, lakini kuyagawa na kuyatunza maji kunategemea watu ambao hawakuwahi kutia saini popote.

Wapare wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu. Huko milimani kuna ndiva, mabwawa madogo ya asili, mengi yakiwa yalianzishwa na koo. Kijito huzuiwa kwa banio na kuelekezwa kwenye ndiva, ambayo hujaa usiku watu wakiwa wamelala. Asubuhi tundu la chini huzibuliwa na maji hushuka mferejini kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mwisho, jambo ambalo kijito chenyewe kisingeweza. Mwenye zamu humwagilia, na zamu ikiisha humwachia jirani. Asiyekwenda kuzoa tope mferejini anajiweka pabaya siku ya kugawa.

Katika bonde la Makanya, watumiaji wa ndiva ya Manoo kijijini Bangalala na wenzao wa juu yao, Vudee, walichunguzwa kwa miaka kadhaa, mwanzoni mwa karne hii, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Uholanzi na kwingineko. Walichokiona ni cha kututia moyo na kutuonya kwa pamoja. Wa juu na wa chini waliweza kupeana zamu, maana walikuwa wakijuana, wameoleana, wanazikana. Lakini ukishuka hadi Makanya yenyewe, tambarare, mapatano yalikuwa yamekatika. Kijito cha siku za kawaida kiliishia njiani, na mkulima wa kule alibaki kungoja mafuriko ya msimu ayaelekeze shambani kwake. Ushirikiano ulikomea pale ujirani ulipokomea.

Sasa litazame Bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji yake huletwa na mito miwili, Kikuletwa na Ruvu. Ruvu hutoka Ziwa Jipe, ambalo Mwanga na Taveta ya Kenya wanalimiliki pamoja, na ziwa hilo hupokea Mto Lumi, unaoshuka kutoka Kilimanjaro kupitia Taveta. Tope linalosombwa kutoka mashamba ya pande zote mbili limelifanya ziwa kuwa na kina kifupi, na magugu na matete yameziba mahali Ruvu unapotokea. Kwa hiyo anayelima ukingoni mwa Lumi na anayefungua bomba Same ni watu wa mfereji mmoja, ingawa hawajawahi kuonana na pasipoti zao ni tofauti.

Kuna pia suala la choo. Lengo la 6 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, linalotakiwa kutimizwa ifikapo 2030, linataja maji na usafi wa mazingira kwa pumzi moja. Nchini kampeni ya Nyumba ni Choo ilizinduliwa mwaka 2017, na imefanya kazi nzuri. Lakini maji yakiingia ndani ya nyumba, majitaka nayo huongezeka, na shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia inayotumia ndoo mbili kwa siku hujaa mapema. Hotuba za uzinduzi huhesabu lita na vijiji. Magari ya kunyonya majitaka na mahali pa kuyamwaga hayatajwi, na hapo ndipo wafadhili wanapohitajika sasa.

Ninaiomba Wizara ya Maji, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliyoko Moshi, iwaite mezani watu wa Taveta, wa Jipe, wavuvi wa bwawani na watumiaji wa Same, Mwanga na Korogwe, wapange zamu na kazi ya kuzoa tope kama wanavyofanya wenye ndiva. Wenzao wa Nairobi waalikwe pia. Mikopo hii italipwa na Watanzania wote, wakiwamo ambao bomba bado halijawafikia. Wana haki ya kiti katika kikao hicho.